Nipe Mji

Kitendawili, lasema jangwa.
Tega, twajibu,
na kumbe watega ni sisi.

Jozi kumi na mbili za kamera, kimo cha goti,
zatazamana kando ya mapito ya mbuzi mwitu
kama mawifi walionuniana.
Hamna kitanzi, hamna shimo, hamna chambo.
Apitaye huacha sura yake tu, akaenda zake.
Kila baada ya siku ishirini huja Nowruzali, mlinzi,
na pikipiki inayokohoa,
abadilishe betri, afute vumbi la chumvi
kwenye jicho la kioo
kwa ncha ya skafu yake.

Mimi ni mhesabuji. Shahrud, ghorofa ya pili,
birika likitokota, kadi ndani ya kompyuta:
picha elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Upepo. Upepo. Kichaka, upepo.
Ngamia, pua nzima kwenye lenzi.
Upepo. Mbweha, macho yake sarafu mbili.
Nowruzali mwenyewe, amejisahau, anacheza peke yake
(sijamwambia kwamba nimeiona. Nimeihifadhi).
Upepo.

Halafu, tarehe tisa Bahman, saa kumi na moja alfajiri,
yeye.
Duma. Yuz, kwa ulimi wa huku.
Manyoya ya kipupwe yamemjaa shingoni, mbavu zahesabika,
anapita kana kwamba nchi yote hii ni ukumbi wake
na sisi ndio tuliosahau kubisha hodi.

Madoa hayasemi uongo. Pajani anayo matatu
yamekaa kama mafiga.
Nikaandika: jike, namba saba, ubavu wa kushoto.
Kamera ya upande wa pili
betri ilikuwa imekufa kwa baridi.

Basi miaka miwili nikamjua nusu.
Kushoto nimemhifadhi kama Alhamdu,
kulia ni ukurasa mweupe.
Kila apitapo, kamera ile ina lake:
mara umande, mara buibui,
mara ngamia amejikunia akaipindua ikatazama juu.
“Umeniletea mawingu mia tisa,” nikamwambia Nowruzali.
“Basi nayo yahesabu,” akasema.

Simu ililia mwezi wa Mehr.
Dereva wa lori la matikiti, Bahador jina lake,
amesimama kwenye barabara ya Mashhad, taa zamweka,
anasema neno moja tu:
Sikumwona. Sikumwona. Sikumwona.

Nilimkuta Nowruzali kishavua koti, kishamfunika.
Jike.
Kushoto magurudumu yalikuwa yamepita, hapakusomeka kitu.
Kulia alikuwa mzima,
kila doa mahali pake,
ukurasa wote umeandikwa, wino kama wa leo,
na mimi, niliyeajiriwa kusoma, sikuweza kuusoma.
Sikuwa na wa kuulinganisha nao.

Ni yeye, namba saba, tumfute?
Au ni wa nane,
tuliyempata na kumpoteza kwa saa ileile?
Fomu ina kisanduku kimoja.
Nimeandika kwa penseli.

Kamera zimerudi nyikani.
Ile ya kulia Nowruzali ameifunga kwa waya maradufu
na hachezi tena mbele yake.
Kila kadi naifungua kwa bismillahi:
upepo, upepo, ngamia.
Natafuta mafiga matatu.
Naogopa kuyaona, nikajua aliyekufa simjui.
Naogopa kutoyaona.

Haya, jangwa, tumeshindwa.
Nipe mji, wasema.
Tumekupa Shahrud. Tumekupa Sabzevar, tumekupa Nishapur,
tukakupa Mashhad na kuba lake la dhahabu,
na lami ya kuiunga yote, pana, nyeusi,
malori hadi asubuhi.
Miji umekwishapewa.

Sema jibu.